Vidole Juu ya Boneti Nyeusi

Watu wengi hufikiri gari likishapigwa rangi kazi imekwisha. Wanaliona linang'aa kwenye kivuli cha gereji, wanatabasamu, wanaanza kupapasa mfuko kutafuta funguo. Kwangu mimi hapo ndipo kazi inapoanza. Juu ya rangi yenyewe hupulizwa klia, ile rangi isiyo na rangi, ambayo hukauka kama kioo na kuikinga iliyo chini yake. Na klia, hata ikipulizwa na mkono mzuri namna gani, hukauka na vijipele kama vya ganda la chungwa, na vumbi hapa na pale, na pengine mdudu aliyechagua kufia hapo. Basi mimi huja na ndoo ya maji yenye sabuni kidogo, kipande cha raba na msasa laini wa maji, nikaisugua ile klia mpya mpaka mng'ao wote uishe na gari lifanane na jivu. Wenye magari wakinikuta katikati ya kazi hiyo hushtuka. Mmoja aliwahi kujishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama, umeniharibia gari!" Nikamwambia aende nyumbani, arudi kesho nikishalipitishia mashine ya kung'arisha.

Kabla ya hapo nilikuwa muosha magari. Nilikuja Eldoret kutoka upande wa Vihiga kumfuata mume wangu, aliyekuwa akibeba magunia kwenye ghala la mahindi, na nikapata kazi kwenye kiwanja cha kuoshea magari huku Kimumu. Nyuma ya ua wa mabati palikuwa na gereji ya kupiga rangi. Mwenye gereji alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mtu wa Busia, ambaye mji mzima ulimwita Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa wakijaribu. Siku moja alikuja kuoshewa gari, akasimama kuniangalia nikilikausha.

"Mbona unapitisha kitambaa, halafu unapitisha na mkono?"

"Kitambaa kinadanganya, Mzee. Kwa mkono nasikia kama kuna mchanga umebaki."

Wiki iliyofuata alirudi, hana gari, akaniuliza kama ningependa kazi isiyolowesha miguu. Alinidanganya kidogo, kwa sababu miguu hulowa vilevile.

Alinifundisha kwa maneno machache. Sugua kwa njia moja, usizungushe mkono kama unaosha sufuria. Usilalie kingo, maana pale kwenye pembe klia ni nyembamba kama ngozi ya kope. Panguza maji kwa raba uone umefika wapi. Palipobaki panameremeta ni bondeni, hujapafikia. Na zaidi ya yote, angalia maji. Maji yakiwa meupe kama uji mwepesi, uko kwenye klia. Yakianza kuchukua rangi ya gari, simama, kwa sababu umeshapita na huwezi kurudi.

Fundi mwenyewe alipokuwa akipuliza rangi nilikuwa naacha kazi yangu kumtazama. Hakupuliza kwa mkono peke yake. Alitembea na gari, kuanzia taa ya nyuma mpaka ya mbele, kwa hatua za mtu anayefagia uwanja wake mwenyewe asubuhi, na ndani ya maski yake nilisikia akiimba nyimbo za kanisani bila maneno. Klia yake ilitua kama maji yanayotulia kwenye beseni. Alikuwa amepiga rangi pikapu za wakulima wa Moiben, malori ya wafanyabiashara wa kutoka kaskazini, magari ya wakimbiaji waliotoka kushinda mbio ng'ambo na kutaka kila kitu kiwe chekundu. Kwa miaka mingi kazi yangu baada yake ilikuwa nyepesi. Nilikuwa kama mtu anayepanguza meza ambayo bado hakijaliwa chakula juu yake.

Halafu ukaja mwaka ambao kazi ilianza kuwa nzito.

Mwanzoni nililaumu msimu. Ilikuwa wakati wa mavuno, mashine za kupukuchua mahindi zilinguruma kila upande na makapi yalikuwa yakipepea hewani mpaka ndani ya chai. Nikasema haya makapi ndiyo yanatua kwenye klia. Lakini makapi hayafanyi michirizi. Nilianza kukuta klia imelia kwenye milango, imemwagika kama nta ya mshumaa, na sehemu nyingine pamekauka, pana ukakasi, kana kwamba Fundi alipapita akiwa na haraka. Fundi hakuwa mtu wa haraka. Nikalaumu tina ya kuyeyushia rangi. Nikalaumu kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa, ambayo kweli ilikuwa ikikohoa.

Kisha nikaanza kuona mambo mengine, yasiyohusu rangi. Alijikwaa kwenye mpira wa kompresa, mpira ambao tangu nimjue ulikuwa umelala palepale. Nilipompa kikombe cha chai kutoka pembeni, mkono wake ulipita hewani kwanza, kisha ukarudi kukitafuta. Mtu akimsalimia kutoka kushoto au kulia alizungusha kichwa chote, kama kuku anayetazama punje. Na alianza kupuliza rangi saa sita mchana tu, milango yote ya banda ikiwa wazi, yeye ambaye zamani aliilaani hewa ya nje kwa sababu ya vumbi lake.

Sikumwambia. Kila asubuhi nilikuwa nikifika mapema, nikasugua michirizi kabla hajaingia. Kwenye mchirizi mmoja unaweza kutumia muda ambao zamani ungemaliza mlango mzima. Unaushusha polepole kwa kipande kidogo cha msasa, bila kugusa jirani zake. Akiingia, alisimama mbele ya gari, akalitazama moja kwa moja.

"Iko aje?"

"Safi, Fundi."

"Safi," alirudia, akaenda kutundika koti lake.

Nimejiuliza mara nyingi kama alijua. Nafikiri mtu anaweza kujua jambo na kulizunguka, kama tunavyolizunguka shimo la barabarani tunalopita kila siku, mpaka tukasahau kwamba tunapinda.

Gari lililotumaliza lilikuwa jeusi. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa usafirishaji, mzee wa asili ya Isiolo, ambaye malori yake yalibeba mahindi na simenti kwenda kaskazini. Sisi sote tulimwita Hajji. Hili halikuwa lori bali gari lake mwenyewe, kubwa, refu, na dereva wake alikuwa amelikwaruza kwenye lango la shamba huko Ainabkoi, kutoka boneti mpaka mlango wa nyuma. Hajji alilitaka haraka. Binti yake alikuwa anaposwa na wageni walikuwa njiani.

"Fundi, mimi sitaki maneno mingi," alisema. "Wakwe wanakuja Jumapili. Nataka niwapokee na gari inafanana na mtu."

"Itafanana na mtu," Fundi akajibu.

Rangi nyeusi haisamehe. Nyeupe itakufichia, ya fedha itakusaidia, lakini nyeusi ni kama shahidi mahakamani. Fundi alilipuliza Alhamisi. Nilimtazama kutoka mlangoni na nikaona kwamba hatembei tena na gari. Alikwenda hatua moja, akasimama, akainamisha kichwa, akaenda nyingine. Hakuimba.

Ijumaa asubuhi milango ya gari na mabawa yake ya juu ya magurudumu yalinipa kazi, lakini ilikuwa kazi niliyoizoea. Boneti niliiacha mwisho. Katikati yake palikuwa na ukanda uliofifia, upana wa kiganja changu, kutoka kioo mpaka taa. Nilidhani ni ule ukungu wa rangi unaorudi na kutua juu ya klia, unaondoka ukisuguliwa. Nikalowesha msasa, nikapita mara moja, mbili. Maji yalikuwa meusi.

Nilisimama. Niliyapanguza kwa raba, nikainama mpaka jicho langu likawa sawa na boneti. Pembeni mwa ule ukanda, huku na huku, klia ilikuwa imekaa vizuri, nene. Kwenye ukanda wenyewe ilikuwa imepita kama umande tu. Fundi alikuwa amepuliza upande mmoja, akazunguka, akapuliza upande wa pili, na mikono yake miwili haikukutana katikati. Hakuona kwamba haikukutana.

Hili halikuwa la kusugua. Ukisugua kitu ambacho hakipo, unaongeza shimo. Nikamwita.

"Fundi, hebu njoo uone boneti."

Alikuja, na nyuma yake, kwa bahati mbaya, alikuja Hajji, ambaye alikuwa amepitia kuangalia kazi akiwa njiani kwenda msikitini. Fundi alilitazama lile doa jeusi lisilo na mng'ao. Alilitazama muda mrefu. Uso wake ulibadilika, nikajua ameelewa, na nikangoja aseme.

"Umeitoboa," akasema.

"Fundi..."

"Umefinya sana. Nimekwambia mara ngapi usifinye? Umetoboa klia mpaka kwa rangi."

Hajji alitutazama, mmoja baada ya mwingine. "Kwa hivyo ni huyu mama ameharibu?"

"Ni huyu," Fundi alisema, bila kugeuza kichwa. "Itabidi tuirudie."

Nilikuwa bado nimeshika msasa. Maji yake yalikuwa yakinichuruzikia mpaka kwenye kiwiko. Ningeweza kusema pale pale; nilikuwa na maneno, na boneti yenyewe ingenitolea ushahidi, kwa sababu mtu aliyetoboa huacha kingo zinazopungua kidogo kidogo, si ukanda ulionyooka kama barabara. Lakini nilimtazama yule mzee, alivyosimama ameikaza shingo kama anayengoja kupigwa, nikashindwa. Niliweka msasa kwenye ndoo. Nilivua aproni, nikaiweka juu ya kiti, nikatoka.

Nyumbani nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa na aibu ndani yake, kwa sababu miezi ile yote nilikuwa nimejiona kama binti yake. Nilikuwa nawaza nitarudi kuosha magari, na kwamba huko angalau uchafu kila mtu anauona.

Jioni, jua likiwa bado juu ya miti, mke wa Fundi alibisha hodi. Tulimwita Mama, kama ilivyo ada. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, aliyefuga kuku na kuwazungumzia kama majirani. Safari hii hakucheka. Alikuwa amebeba kikapu cha maparachichi, akakiweka chini, akakaa kabla sijamkaribisha.

"Mzee amerudi nyumbani mapema," alisema. "Hajakula. Amekaa tu kwa kiti anashika magoti. Nimemuuliza, akaniambia umeharibu gari ya Hajji."

Nilisukuma beseni la nguo pembeni.

"Sasa mimi nakuuliza, mwanangu. Uliharibu?"

"Hapana, Mama."

Alishusha pumzi. "Nilijua. Mtu anamwaga chai nje ya kikombe, ataweka rangi wapi?"

Ndipo akanieleza ya kwao. Kwamba tangu mwaka uliopita yeye hahamishi kiti chochote ndani ya nyumba, Mzee asije akajikwaa. Kwamba wakienda kanisani humshika mkono, na watu husema angalia wazee hawa wanavyopendana, naye huitikia. Kwamba humwekea viatu kwa mpangilio, cha kulia na cha kushoto, na humpa sahani nyama ikiwa upande wa mbele. Hawakuwahi kulizungumzia. Nami nikamweleza kuhusu michirizi na asubuhi zangu za mapema. Alinisikiliza mdomo wazi, halafu akapiga kiganja juu ya goti.

"Kumbe tunamsugulia sisi wawili!"

Tulicheka, na tukicheka nikaona machozi yanamtoka, na yangu hayakuwa mbali. Alipoinuka kuondoka hakuniomba nirudi kazini. Aliniambia tu maparachichi yale yameiva, nisiyaweke siku nyingi.

Jumamosi nilikwenda gereji. Nilijiambia nakwenda kuchukua viatu vyangu vya mpira. Nilimkuta Fundi peke yake bandani, amesimama mbele ya gari jeusi, viganja vyote viwili juu ya boneti. Alikuwa amefumba macho. Vidole vyake vilitembea kutoka pembeni kwenye klia, vikafika katikati, vikasimama, vikaingia kwenye ule ukanda, vikatoka upande wa pili. Alirudia.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Fundi."

"Hapa hakuna kitu," alisema. "Sikuweka kitu hapa."

Alibaki ameinama, mikono palepale.

"Ni kama kuangalia na bomba," akaendelea. "Katikati naona. Pembeni hakuna. Na giza ikiingia kidogo, hata hiyo katikati inaenda. Nilisema ni uzee. Nikasema miwani. Jana nilijua, nikaona Hajji amesimama hapo, nikashikwa na uoga. Nikakutupia wewe."

"Ilikuwa inauma, Fundi."

"Najua. Nisamehe, mwanangu."

Maishani mwangu nilikuwa sijawahi kusikia mwanamume wa umri wake akiomba msamaha kwa mtu wa umri wangu bila kuongeza neno "lakini". Nilienda kwenye kiti, nikavaa aproni yangu.

Hajji alipofika, Fundi hakungoja kuulizwa. Alimfuata nje, akasimama mbele yake, akamwambia kwa sauti ambayo hata jirani wa kuchomelea vyuma aliisikia: "Jana nilikudanganya. Huyu mama hana makosa. Ni macho yangu. Sikuona pahali nimepita na pahali sijapita."

Hajji alimtazama kwa makini. Nilifikiri atapiga kelele, na alikuwa na haki, kwa maana wageni wake walikuwa wanafika kesho yake. Badala yake aliinua mkono, akautikisa pembeni mwa kichwa cha Fundi.

"Unaona hii?"

"Nini?"

"Ni hiyo," Hajji akasema, akaushusha mkono. "Mamangu alikuwa hivyo hivyo. Presha ya macho. Sisi tulikaa tukisema ni uzee, mpaka ikamaliza macho yote. Wewe Jumatatu uende uangaliwe, usikae." Kisha akageukia gari. "Na hii, nani atapiga?"

Fundi alielekeza kidole. Hakunikosa, nilikuwa nimesimama katikati kabisa.

Nilikuwa nimewahi kupuliza rangi kwenye milango mibovu iliyotupwa nyuma ya banda, na mara moja kwenye geti la kanisa. Sikuwahi kupuliza klia kwenye gari la mtu, sembuse jeusi, sembuse la Hajji. Niliisugua boneti yote, nikaipiga nyeusi upya, ikakauka, tukamwagia sakafu maji kutuliza vumbi. Fundi alinitajia vipimo vya kuchanganya klia, nami nikamimina. Niliinua bunduki ya rangi, ile ya kupulizia. Yeye alisimama nyuma yangu, maski usoni, amenipa mgongo.

"Hutaki kuangalia?" nikamuuliza.

"Nitaangalia nini? Nitasikia. Anza."

Nikaanza. Bunduki ya rangi ina sauti, hilo nililijua, lakini sikujua kwamba ina lugha.

"Umekimbia," alisema. "Sikia hiyo? Imekuwa nyembamba. Punguza mguu."

Nikapunguza.

"Sasa umekaa sana. Itachirizika. Toka hapo. Toka!"

Nikatoka.

"Ukirudi, kanyaga nusu ya pahali ulipita. Nusu. Kama unapanga mabati ya nyumba, lazima yalaliane."

Nilikwenda na kurudi, na yeye aliendelea kuniongoza kwa mgongo wake, mpaka nikasikia ameacha kusema. Nilipomaliza na kuvua maski, niliogopa kuangalia. Haikuwa kama ya kwake ya zamani. Ilikuwa na vijipele kila mahali, chungwa tupu, na karibu na pembe palikuwa na kipele kikubwa cha vumbi. Lakini ilikuwa imefunika. Hapakuwa na mahali ambapo mikono haikukutana.

Tulilisogeza gari juani, tukawasha na taa za joto kuisaidia klia ikauke, na Hajji akakubali kuchukua gari Jumapili asubuhi badala ya Jumamosi. Jumapili, kulipopambazuka vizuri, nilikuta Fundi ameshajaza ndoo. Nilinyoosha mkono kuchukua msasa, akauchukua kwanza yeye.

"Wewe umepuliza. Huu ni wangu."

Nilitaka kukataa. Nilifikiria kingo, nilifikiria maji meusi. Kisha nikamwona alivyoanza. Alisugua kidogo kwa kulia, na mkono wa kushoto ukafuata nyuma, ncha za vidole zikisoma. Hakuhitaji kuinama kutafuta bonde. Aligusa, akasema, "Hapa bado," na kweli bado. Kazi yangu ilikuwa moja, kutazama maji na kumwambia rangi yake. "Meupe," nikasema. "Meupe. Bado meupe, Fundi." Kwenye pembe yenye kipele alikaa muda mrefu, anagusa zaidi ya anavyosugua, akakishusha kama mtu anayetoa mwiba kwenye kidole cha mtoto aliyelala.

Mwishowe boneti yote ilikuwa kijivu, imekufa, haina hata chembe ya uhai. Nikaweka dawa ya kung'arisha, nikawasha bafa, ile mashine ya kung'arisha. Hapo napo panataka moyo, kwa sababu sufu yake ikizunguka mahali pamoja muda mrefu klia inachemka na kuungua. Kila mara Fundi aliniambia nisimamishe, akaweka upande wa nyuma wa mkono juu ya bati kama mtu anayepima homa. "Endelea." Tena: "Ngoja ipoe." Na ule weusi ukaanza kurudi. Hurudi kutoka chini, polepole, mpaka ghafla unaona mabati ya paa ndani ya gari, na mlango ulio wazi, na watu wawili wameinama.

Hajji alifika amevaa kanzu nyeupe na koti. Alilizunguka gari lote. Nilimwonyesha mimi mwenyewe mahali karibu na pembe ambapo pamebaki alama ndogo, kama pumzi juu ya kioo. Sikutaka aigundue nyumbani. Aliinama, akaitafuta, akaiona, halafu akabaki ameinama, anajitazama.

"Ndevu zangu zimekuwa nyeupe hivi?"

"Ni gari, Hajji," Fundi akasema. "Iko safi sana, haifichi kitu."

Hajji akacheka. "Hiyo alama iachwe. Wakwe hawaangalii boneti. Wanaangalia chakula."

Fundi alikwenda hospitali Jumatatu pamoja na Mama. Daktari aliwaambia kwamba kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yote. Mama aliniambia kwamba njiani kurudi Mzee hakusema neno mpaka walipofika karibu na nyumbani, ndipo akamuuliza kama sasa angeweza kumhamishia kile kiti cha dirishani, maana kimekuwa kikimkera mwaka mzima.

Nisiseme kwamba mambo yalikuwa rahisi baada ya hapo. Majuma ya kwanza, kila nilipowasha kompresa, Fundi alitoka nje akaenda kusimama barabarani na kulipa banda mgongo. Wateja wengine waliondoka. Mkulima mmoja wa Ainabkoi, aliyeleta pikapu ya kubebea maziwa, alinitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa akasema anamngoja Mzee apige mwenyewe. Fundi alimjibu akiwa amekaa kwenye kigoda chake, vidole kwenye mlango wa gari lingine: "Basi utangoja sana. Siku hizi mwenye bunduki ni huyu mama. Mimi niko hapa kwa msasa." Yule mkulima alikwenda mpaka mjini, akauliza bei na majina, na baada ya siku kadhaa pikapu ikarudi. Sikumuuliza kilichomrudisha.

Polepole Fundi aliacha kwenda barabarani. Alibaki mlangoni kwanza, kisha ndani, na siku moja nikiwa napuliza klia kwenye bawa la teksi nilisikia nyimbo zake za kanisani zikitoka upande wa ndoo. Anapiga msasa vizuri kuliko nilivyowahi kupiga mimi, na hilo namwambia. Yeye naye huniambia klia yangu bado ina chungwa, na ni kweli, ingawa si kama zamani. Kuna kitu kimekuwa chepesi kati yetu tangu tulipoacha kufichana, hata kama kazi yenyewe haijawa nyepesi. Zamani nilimheshimu kwa kunyamaza. Sasa namheshimu kwa kusema, na naona hii inachosha zaidi.

Juzi mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa kaskazini na hatukuwa na gari bandani. Fundi aliniomba nimletee mlango mmoja mbovu kutoka nyuma, niuegemeze ukutani, nimchanganyie klia iliyobaki kwenye mkebe. Sikumuuliza kwa nini. Alivaa maski, akapima umbali kwa kunyoosha mkono mpaka ukagusa bati, akarudi nyuma nusu hatua, akapuliza. Alitembea na ule mlango, mbele na nyuma, kwa zile hatua zake za mtu anayefagia. Alipomaliza aliinua maski.

"Imekaa aje?"

Nilisogea karibu, nikaangalia vizuri kabla ya kujibu.

"Juu ni nzuri, Fundi. Nzuri sana. Chini kushoto imechirizika, michirizi mitatu, na mmoja ni mrefu kama kidole."

"Mrefu kama kidole!"

"Changu. Si chako."

Alicheka mpaka akakohoa, akalazimika kushika ukuta. Mvua ilianza kugonga mabati, matone makubwa, machache kwanza. Tulichukua turubai, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, tukaufunika ule mlango vizuri pande zote, kana kwamba kulikuwa na mtu mahali fulani anayeungoja.